Mtunzi wa mkoani: jinsi ya kutunga, kufundisha na kudumu na kwaya yako

Ukitaka kuwa mtunzi ukiwa huku mikoani, kubali kwanza kuwa mwalimu wa kwaya. Mimi nimefundisha shule za msingi mkoani Kagera mpaka nikastaafu, na jioni zangu zimekuwa za kwaya ya parokia hapa Bukoba. Nyimbo zangu ambazo bado zinaimbwa zilitoka katika haja za watu ninaowajua: jubilei ya masista, mazishi ya katekista, watoto wa kipaimara waliotaka wimbo wao wenyewe.

Vijana huniletea madaftari yao na kuniuliza kama wahamie Dar es Salaam. Nami huwauliza: una kwaya? Kama unayo, hata ya watu kumi na wawili kigangoni, unao waimbaji wa kukuonyesha wimbo wako ulivyo hasa, unao wasikilizaji wasiojua kubembeleza, na unayo Jumapili ijayo. Studio na jina vinaweza kuja baadaye. Ufundi hujengwa pale watu wanapofungua vinywa na kuimba ulichoandika, nawe ukasimama mbele yao ukisikia kila kosa.

Haya ninayoyaandika ni ya mtu anayeanza: mwalimu wa shule, mpiga kinanda wa kigango, au mwimbaji anayesikia tuni kichwani asijue aifanyeje.

Solfa kwanza

Jifunze solfa, yaani kuandika muziki kwa herufi, mpaka uweze kuiandika haraka kama barua. Mfumo huu ulitoka Uingereza katika karne ya 19. Mwalimu Sarah Glover wa Norwich ndiye aliyeuanza, kisha mchungaji John Curwen akauendeleza na kuueneza, akitaka watoto na watu wa kawaida waweze kusoma muziki bila kumiliki ala yoyote. Wamisionari wakauleta Afrika, na ukatukaa vizuri kwa sababu hiyo hiyo: unahitaji kalamu na daftari tu.

Herufi ni d, r, m, f, s, l, t, yaani do, re, mi, fa, so, la, ti. Mstari wima unatangulia pigo zito, na nukta mbili zinatangulia pigo jepesi. Nukta moja inaligawa pigo nusu kwa nusu, mkato unaligawa robo. Kistari kinaendeleza sauti iliyopo, na nafasi tupu ni kimya. Alama ndogo juu ya herufi inaipeleka oktava ya juu, na ikiwa chini inaishusha. Fa ikipandishwa nusu inakuwa fe, ti ikishushwa nusu inakuwa ta. Juu ya karatasi unaandika ufunguo, kwa mfano Do = F, na hapo kila mwimbaji anajua kwake ni wapi.

Zoezi ninalowapa wote ni moja. Chukua wimbo unaoujua kwa moyo, wimbo wa taifa kwa mfano, uandike sauti ya kwanza kwa solfa bila kutazama popote na bila kugusa kinanda. Kisha uandike besi. Utakapokwama ndipo sikio lako lilipoishia, na hapo ndipo pa kuanzia kazi.

Nota za mistari mitano zijifunze pia, lakini zije baadaye. Utazihitaji siku ya kumpa mpiga kinanda mgeni karatasi yako, siku ya kuandikia tarumbeta, au siku ya kutumia kompyuta. Anayeweza kwenda chuoni aende. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, ambayo wengi wetu tuliijua kama Chuo cha Sanaa, inafundisha muziki. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanafundisha, na Makumira kule Arusha Walutheri wana shahada ya muziki. Anayevutwa na udi, ganuni na taarabu aelekee Mji Mkongwe, Zanzibar, kwenye chuo cha muziki cha Dhow Countries. Asiyeweza kwenda kokote akae karibu na mpiga kinanda wa parokia, amgeuzie kurasa, na aulize maswali baada ya misa.

Na kinanda chenyewe: zima mdundo wake wa kujiendesha. Nasema hivi kwa uchungu. Ule mdundo uliowekwa kiwandani umefanya nyimbo nyingi za wilaya tofauti zifanane, na mtunzi anayetungia juu yake hasikii tena maneno yake yana mwendo gani. Imba kwanza wimbo wako ukitembea njiani. Ukiweza kuuimba kutoka nyumbani hadi sokoni na bado ukaupenda, keti sasa kwenye kinanda.

Maneno yatangulie

Hapa ndipo nyimbo nyingi za Kiswahili zinapoharibika, na hapa ndipo ninapowabana wanafunzi wangu kuliko popote.

Karibu kila neno la Kiswahili lina mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Asante, mkazo upo kwenye sa. Mwokozi, upo kwenye ko. Mavuno, upo kwenye vu. Nota yenye uzito, yaani ile iliyo kwenye pigo zito, au iliyo ndefu, au iliyoruka juu kuliko jirani zake, inatakiwa ikutane na silabi yenye mkazo. Zikipishana, msikilizaji anasikia sauti nzuri lakini maneno hayamfikii. Tenzi nyingi tulizokuta ni za Kijerumani na Kiingereza zilizotafsiriwa: tuni ilikuwa imeshafungwa kwa lugha yake, maneno yetu yakaingizwa kwa nguvu. Tunazipenda, mimi zimenilea, lakini usizifanye kielelezo cha kutunga.

Tuchukue mstari mmoja wa wimbo wa mavuno: *Asante Bwana kwa mavuno haya*. Mizani ni 11. Mkazo uko kwenye sa, bwa, vu na ha, yaani silabi ya 2, ya 4, ya 8 na ya 10. Kwa hiyo silabi ya kwanza, a, haiwezi kuanza kwenye pigo zito. Inatangulia, kisha sa ndiyo inayotua:

:s₁ | d :r | m :d | r :m | s :f | m :r ||
A | sa-nte | Bwa-na | kwa ma- | vu-no | ha-ya

Angalia kwamba nota ya juu kuliko zote, so, nimeiweka kwenye vu. Mavuno ndilo neno linalobeba mstari huu. Ukiwa kwenye Do = F, wimbo unaanzia C ya kati na kufika C ya juu, na hakuna mama atakayeshindwa.

Sasa ubeti wa pili. Tuni ni ile ile, kwa hiyo maneno lazima yawe na mizani 11 na mkazo wake uangukie mahali pale pale. *Pokea Baba jasho letu hili*: po-ke-a Ba-ba ja-sho le-tu hi-li. Mkazo uko kwenye ke, ba, ja, le, hi, na zote zinatua kwenye pigo zito. Mstari unaingia bila kusukumwa. Linganisha na huu ambao mwanafunzi wangu mmoja aliuandika: *Tunakushukuru leo kwa neema*. Ni mstari mzuri wa sala, lakini una mizani 12, na mkazo wake uko kwenye silabi ya 5, ya 7 na ya 11, zile zile ambazo tuni yetu imeziweka kwenye mapigo mepesi. Ukiulazimisha, waimbaji wataumeza mwanzo na kukimbilia mwisho. Hapo badilisha maneno au tunga tuni nyingine. Usiwaambie waimbaji "mtajipanga wenyewe."

Washairi wetu walikuwa na hesabu hii kabla ya kwaya kufika. Shairi la kawaida lina mizani 16 kwa mshororo, 8 za ukwapi na 8 za utao, na mghani hutambua upesi mshororo uliopungua. Mtunzi wa kwaya anahesabu mizani kama wao, kisha anaongeza kupima mkazo. Andika beti zako zote, chora mstari chini ya kila silabi yenye mkazo, uzipange moja chini ya nyingine. Mistari iliyochorwa ikisimama safu moja kutoka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, umemaliza nusu ya kazi.

Kuna m na n zinazotaka nota yao wenyewe. Mtoto ni silabi tatu, m-to-to. Mkate vivyo hivyo. Nchi ni silabi mbili, na mkazo unaangukia n yenyewe, kwa hiyo nota nzito itaimbwa mdomo ukiwa umefungwa nusu. Neno hilo liweke mahali patulivu, chini kidogo, pasipo na haraka. Lakini mbingu, ndizi, ngoma na njia ni silabi mbili tu, na ile m au n haina nota. Nimesikia kwaya zikiimba "mu-mbingu" kwa sababu mtunzi alibakiza nota isiyo na mwenyewe.

Na irabu. Sauti ya juu na ndefu hufunguka kwenye a, na huenda vizuri kwenye o na e. Kwenye i na u, waimbaji wasio na mafunzo hukaza koo. Ukitaka kumalizia juu kwa nota ya mapigo manne, usimalizie na Mungu. Geuza sentensi imalizike na Bwana, au milele, au pamoja.

Ukitunga kwa lugha ya nyumbani, mambo yanabadilika. Kiswahili hakina toni, lakini Kihaya kinayo, kama lugha nyingi za Kibantu. Tuni ikipanda pale neno linapotaka kushuka, bibi aliyekaa benchi la mbele atakuuliza umesema nini, naye ana haki. Keti na mtu mzima anayeijua lugha vizuri, mwombe asome maneno polepole, fuata sauti yake kwa penseli: mstari juu, mstari chini. Ule mchoro ndio mwanzo wa tuni yako. Wapiga enanga wetu, ile ala ya nyuzi ya Wahaya, hawakuhitaji penseli, kwa sababu hadithi na nyuzi viliwatoka pamoja. Nenda ukawasikilize wangali wapo.

Tungia sauti ulizonazo

Kabla ya kuandika nota moja, ijue kwaya yako. Wangapi ni soprano wa kweli, na wangapi wameketi pale kwa sababu rafiki zao wako pale? Teno ni wangapi? Huku kwetu wanaume hupungua, na waliopo wengi hujiita besi. Kama teno ni wawili na mmoja anafanya kazi zamu za usiku, andika sauti tatu. Wimbo wa sauti tatu uliojaa unapendeza kuliko wa nne wenye shimo.

Vipimo vyangu kwa kwaya ya kawaida ya parokia ni hivi. Soprano watembee kati ya C ya kati na E ya juu, F mara chache, G kwa kupita tu. Alto waanzie A iliyo chini ya C ya kati, wasikae sana juu ya A inayofuata. Teno wasipandishwe kupita F iliyo juu ya C ya kati kama hawajapashwa vizuri. Besi waishie G ya chini. Mzee mwenye F ya chini yupo katika kila kwaya, na siku asipokuja utajua kwa nini hukutakiwa kumtegemea.

Alto ndio wanaoonewa na watunzi. Wanapewa so, so, so, so mistari minne, halafu mwalimu anashangaa wanahamia soprano. Jaribio langu ni kuimba kila sauti peke yake kutoka mwanzo hadi mwisho. Kama alto peke yake haina mwendo wowote wa kuvutia, sijamaliza. Besi pia: isiifuate soprano sambamba kwa oktava, maana hapo sauti nne zimebaki tatu. Soprano na alto kutembea pamoja kwa umbali wa nota tatu ni jambo tulilozaliwa nalo, litumie, lakini mara moja moja waachanishe ili sikio liamke. Kodi, yaani sauti zinazolia pamoja, zilizojengwa juu ya nota ya 1, ya 4 na ya 5 zinatosha kwa wimbo wa kwanza. Ukizimudu, ongeza ya 6 na ya 2.

Ngoma za kwenu zina mwendo wa sita kwa nane, na mara nyingi mbili na tatu zinagongana ndani yake. Kwa Wakatoliki, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipotoa hati ya liturujia mwaka 1963, mlango wa lugha na muziki wa wenyeji ulifunguliwa rasmi. Lakini watu walikuwa wameshaanza. Mwaka 1958, Kamina, Katanga, padre Mfransisko kutoka Ubelgiji, Guido Haazen, alikuwa na kwaya ya wavulana wa shule na walimu wao, nao wakaimba misa ya Kilatini kwa namna za nyimbo za Kongo. Ikaitwa Missa Luba, na Kyrie yake imejengwa juu ya kasala, maombolezo ya Waluba. Sehemu kubwa ilitoka vinywani mwa waimbaji wenyewe wakati wa mazoezi. Mimi huwaambia vijana waitazame hivyo: kwaya ya shule katika mji wa mkoani, mwalimu anayesikiliza, na nyimbo ambazo watoto walikuwa nazo tayari. Siku waimbaji wako wanapokosea kwa pamoja, wote, mahali pale pale, simama usikilize. Mara nyingi wamepata njia iliyo bora kuliko uliyoandika. Futa yako, andika yao.

Mazoezi

Wimbo mpya unafundishwa hivi. Kwanza maneno, yanasomwa na wote kwa mwendo wa wimbo, bila tuni, kwa makofi. Wasiojua kusoma wanayapata hapo hapo. Kisha besi peke yao, mistari miwili tu. Teno wanaongezwa juu yao. Halafu alto. Soprano wanaingia mwisho. Ukianza na soprano, tuni itawaingia wote masikioni, na kuanzia hapo utakuwa ukipigana na teno wanaoiimba oktava ya chini. Wakati besi wanafundishwa, wengine wasikae kupiga soga: waimbe maneno yao kimoyomoyo, au wapige pigo kwa vidole.

Anza na mahali pagumu zaidi, waimbaji wakiwa bado na nguvu. Watu wetu wanatoka shambani, sokoni, kwenye bodaboda. Baada ya saa moja na nusu hawajifunzi tena, wanavumilia. Waachie waende.

Wafundishe ishara za mkono za Curwen. Do ni ngumi. Mi ni kiganja kimelala kikitazama chini. So ni kiganja kinachokutazama wewe mwenyewe, kidole gumba juu. Fa, gumba linaelekea chini. Ti, kidole kinaonyesha juu, kinaiita do. Nilizitumia darasani na watoto wa darasa la tatu wakawa wanasoma nyimbo kutoka mkononi mwangu. Kwenye kwaya ya watu wazima zina faida nyingine: Bukoba mvua inanyesha sana, na mvua ikipiga bati hakuna anayesikia chochote. Mkono unaonekana. Mazoezi yanaendelea.

Kwaya kushuka ni ugonjwa wa kila mahali. Mnaanza kwenye F, mnamalizia kwenye E. Pima kila mwisho wa wimbo kwa kinanda, mpaka waimbaji waanze kuuliza wenyewe. Kinachoshusha mara nyingi ni mi na ti kuimbwa kivivu, na hatua za kushuka kuchukuliwa kubwa mno. Waambie wakishuka wachukue hatua ndogo, wakipanda wapande kweli. Kama wimbo unaendelea kushuka, jaribu kuuhamishia nusu juu. Kuna ufunguo ambao sauti za kwaya yako zinakaa vibaya, na ukiuhama shida inakwisha.

Pangeni ratiba kwa kalenda ya mahali mlipo. Maandalizi ya Noeli kwetu yanaangukia msimu wa senene, mwezi wa 11 na wa 12, na senene wakianguka usiku hakuna mwalimu atakayeshindana nao. Nyimbo mpya za Noeli mimi huzimaliza mwezi wa 10. Kwenu huenda ni kupalilia, au msimu wa samaki.

Shuleni ni kazi nyingine. Sauti za watoto ziko juu, kwa hiyo Do = D au E, wala usiwashushe kwenye sauti yako wewe mtu mzima. Usiwaruhusu kupiga kelele hata kama walimu wenzako wanaona kelele ndiyo furaha. Sauti mbili zinatosha, na nyimbo za kufuatana, ambapo kundi la pili linaanza tuni ile ile nyuma ya la kwanza, zinawafundisha kushika sauti yao bila wao kujua. Mvulana sauti ikianza kuvunjika, mpumzishe na umweleze kinachotokea, mbele ya wenzake wasimcheke. Nimewapoteza wengi sana kwenye umri huo kwa sababu ya kicheko cha darasa. Mashindano ya shule za msingi, UMITASHUMTA, yatumie: ndipo mtoto wa kijijini anaposikia kwaya ya wilaya nyingine kwa mara ya kwanza.

Karatasi zako

Enoch Sontonga alikuwa mwalimu wa shule ya misheni na mwongoza kwaya karibu na Johannesburg. Mwaka 1897 alitunga wimbo ambao tuni yake leo tunaiimba Watanzania kama wimbo wa taifa. Aliandika nyimbo zake kwa solfa, kwenye daftari. Alifariki mwaka 1905 kabla ya kuzichapa, na daftari lile likapotea. Kaburi lake lenyewe lilitafutwa miaka mingi, na likatangazwa mnara wa taifa mwaka 1996. Wimbo mmoja ulivuka kwa sababu watu waliuimba, wengine wakaudaka. Hizo nyimbo nyingine hatutazisikia kamwe. Mimi nikifikiria jambo hilo huumia kama mwalimu mwenzake.

Kwa hiyo, kila wimbo uandike safi siku unapoumaliza. Jina la wimbo, jina lako kamili, tarehe, mahali, ufunguo, mwendo, na mwenye maneno kama si wewe. Kama maneno ni ya Zaburi, taja namba yake. Nakala moja kwako, moja kwa katibu wa kwaya, moja nje ya nyumba yako. Piga picha kwa simu, ujitumie.

Ukiwa na kompyuta, tumia MuseScore, ni ya bure. Watunzi wengi wa kwetu walizoea Finale, lakini kampuni yake ilitangaza mwaka 2024 kuacha kuiendeleza, na aliye na nyimbo zake humo azihamishe mapema. Kompyuta itakuchezea wimbo wako bila kuchoka, na hapo kuna mtego, kwa maana mashine haivuti pumzi. Mstari usio na mahali pa kuvuta pumzi utaupenda kwenye kompyuta, na waimbaji watazimia nao.

Nyimbo za liturujia zipeleke jimboni kwa ajili ya ithibati kabla hazijasambaa. Wasomaji wa kamati huangalia maneno yanalingana na imani, na kama wimbo unafaa mahali ulipoukusudia. Usichukie ukirudishiwa. Ukishapata, unaweza kuuweka kwenye tovuti ya Swahili Music Notes, ambako kwaya za Tanzania na Kenya huchukua nyimbo, na huko ndiko wimbo wa kigango unavyofika mahali ambapo mtunzi wake hajawahi kufika.

Fedha

Kwaya ya parokia hailipi mshahara wa kuishi, kwa hiyo shika kazi nyingine, na ualimu unafaa kuliko zote. Kipato cha muziki kinatoka kwenye harusi, masomo ya kinanda kwa watoto wa mjini, nyimbo za jubilei na upadrisho, nyimbo za kampeni za afya, na mahafali. Ukiagizwa wimbo, andikianeni hata kwenye ukurasa mmoja: wimbo wa dakika ngapi, sauti ngapi, siku ya kukabidhi, nani ataufundisha, na nani ataurekodi. Chukua nusu kabla ya kuanza. Kazi ya kwenda kuwafundisha waimbaji wa mteja ihesabu peke yake, maana inachukua muda kuliko kutunga.

Kwa sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999, wimbo ni wako tangu ulipoutunga, na haki hiyo inaendelea miaka 50 baada ya kifo chako. Kujiandikisha COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kunakupa ushahidi siku ya ugomvi. Kwaya ikirekodi wimbo wako, dai kwanza jina lako liandikwe, hata kama fedha huzihitaji. Nyimbo ngapi nzuri zinapigwa redioni na mtangazaji anataja kwaya peke yake! Warithi wako wataanzia wapi?

Anayekufuata

Katika kila kwaya yupo mmoja anayebaki baada ya mazoezi kuuliza kwa nini alto walipewa fe pale. Mshike huyo. Mpe kazi ya kunakili nyimbo kwa mkono, kwa kuwa hakuna njia ya haraka zaidi ya kuona jinsi sauti zinavyopangwa. Baada ya muda mpe tuni ya wimbo wa zamani aipangie besi. Kisha alto na teno. Sahihisha kwa penseli, mbele yake, mkiimba wawili.

Akiwa tayari kuongoza, mpe Jumapili ya kawaida, isiwe Pasaka wala siku ya askofu. Mpe wimbo ambao kwaya inaujua vizuri, kwa sababu siku hiyo anajifunza mikono yake na macho ya watu. Wewe kaa nyuma na besi uimbe, wala usimwongoze kwa kichwa kutoka kule. Baada ya misa, mwulize yeye kwanza alisikia nini.

Wimbo wake wa kwanza ukifika, na utakuwa na mkazo uliokosewa mahali fulani, uimbeni hivyo hivyo kwenye mazoezi kabla hujasema neno. Atausikia mwenyewe. Akisharekebisha, andika jina lake juu ya karatasi pale ambapo huwa unaandika lako, na uingize kwenye orodha ya Jumapili.